Sare za Sirisia

Nina wivu, na nasema mapema ili mtu asije akanitafutia neno zuri zaidi. Usiniambie ni ushindani wa biashara, wala usiniambie ni bidii. Ni wivu ule wa kukufanya uache chai yako mezani ikapoa kwa sababu mtu ametaja jina la mwenzako. Mwenzangu ni fundi wa nguo mjini Bungoma, mwanamke wa rika langu. Mimi ni fundi wa nguo Kitale. Tulijifunza kushona kwenye kibaraza kimoja.

Kibaraza kilikuwa cha mama mmoja Mwislamu, hatua chache kutoka msikiti wa mjini Bungoma. Alishona kanzu, mabuibui na sare za shule, na alitufunza sisi wasichana kwa upole ambao sijauona tena kwa fundi yeyote, mimi nikiwemo. Mimi alinisifu mkono. "Wewe mkono wako umetulia," aliniambia, na ni kweli, umetulia hadi leo. Kola yangu inalala inavyotakiwa. Geuza nguo yangu ndani nje uangalie mishono, hutaona uzi unaoning'inia. Yule mwenzangu pindo zake zilikwenda zikiyumba, kana kwamba aliyeshona alikuwa akifukuzwa na mbwa.

Lakini mwaka haukuisha kabla wateja hawajaanza kumtafuta yeye. Mtu anapanda kibarazani na kitambaa mkononi, ananiona nimekaa pale na pini mdomoni, halafu anauliza, "Yule msichana mwingine ameenda wapi?" Nilikuwa nasema atarudi sasa hivi. Nilikuwa nasema kwa meno yaliyofungwa, na si kwa sababu ya zile pini tu.

Mama yetu wa kibarazani alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mteja habishiwi. Akisema kitambaa chekundu ni cha kahawia, kiwe cha kahawia mpaka ashuke ngazi. Mimi niliitii sheria hiyo kama dawa chungu. Mwenzangu aliitii kana kwamba kitambaa kimekuwa cha kahawia kweli.

Ndoa ilinileta Kitale. Nilifungua duka kwenye kichochoro nyuma ya soko, chumba cha dirisha moja lenye mwanga mzuri wa asubuhi. Nashona vizuri. Najisifu mwenyewe kwa sababu mbele huko hamtasikia mtu mwingine akinisifu sana. Maharusi huja kutoka eneo la Kwanza na vijiji vya huko, na wakishaniachia kitambaa hulala usingizi. Hata hivyo, haupiti mwezi bila mteja kusimama katikati ya duka langu, mikono juu nikimpima kifua, akasema, "Nilikuwa Bungoma juzi. Kuna fundi huko, wee!" Hapo tepu yangu hukaza kidogo bila mimi kuiambia.

Kila asubuhi mwenzangu alikuwa akiweka picha za wateja wake kwenye status. Nilizitazama kabla sijanawa uso. Kulikuwa na jambo lililonishangaza: wateja wake walikuwa wamekaa. Mimi wangu husimama mlangoni, kidevu juu, mkono kiunoni, mwanga ukiwapiga ubavuni. Wake walikaa kwenye benchi wakicheka, mwingine mandazi mkononi. Nikajiambia anaficha pindo. Nilikuwa naikuza picha kwa vidole viwili nikitafuta kasoro, na nilizipata nyingi, lakini hazikunisaidia chochote. Wale wanawake waliendelea kucheka. Mwishowe nilimzima. Kuna mahali unabonyeza, na picha za mtu hazikujii tena. Nikaanza kunywa chai yangu ikiwa moto.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo mama mmoja wa Kwanza alipokuja na gunia la vitenge.

Alikuwa mteja wangu wa zamani, mkulima wa mahindi, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Kijana alikuwa amepata mchumba Sirisia, na siku ya kupeleka mahari ilikuwa imepangwa. Vitenge alivinunua Lwakhakha, mpakani, kwa wale wafanyabiashara wanaovileta kutoka ng'ambo. Vilikuwa vya rangi ya chungwa, vyenye mapepeo ya buluu yaliyofunguka. Kitambaa kizuri mno, kizito, kisichochuja rangi. Alitaka sare kwa wanawake atakaoandamana nao.

Alinieleza sababu akiwa amekaa kwenye kiti changu cha wateja, mkoba magotini. Mumewe alipozikwa, ndugu za mume walitawanyika, na tangu hapo haikujulikana njia waliyopita. Sasa wakwe walikuwa wamemuuliza kijana, kwa utani ambao si utani, kwao wako wangapi.

"Nitaenda na watu wa kanisa," akasema. "Na dada yangu, na jirani, na yule mama huniuzia maziwa. Nataka wakiingia kwa hiyo boma waonekane ni watu wangu. Waone niko na watu, fundi."

Nikasema nimeelewa.

"Ukinifanyia hii vizuri, harusi yote ni yako. Itakuwa huko Bungoma mjini."

Aliniambia mambo mawili siku ile. Moja lilihusu watu wake, la pili lilihusu Bungoma. Lililonikaa kichwani ni la pili. Niliona gauni langu likiingia kanisani Bungoma mjini, wateja wa mwenzangu wamejaa viti vya nyuma, shingo zimenyooshwa. Niliitaka harusi ile kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote.

Nilishona kama mtu anayejibu matusi. Mikono ya kipepeo yenye tabaka, kiuno kilichobana, sketi ya mshono wa samaki inayoshika goti kisha inafunguka, zipu mgongoni iliyofichwa hata mimi nikaitafuta. Mama alipokuja kujaribu yake alivuta pumzi akashika ukuta.

"Fundi, wengine wetu ni wanono. Na huko tutakaa siku mzima."

"Mama, urembo una kazi yake," nikamwambia. "Mkisimama pale, watanyamaza."

Usiku nilizifunika zile nguo kwa shuka ili mpita njia asiibe mshono. Sikuweka picha hata moja popote. Nilitaka zionekane mara ya kwanza Sirisia kwenyewe.

Siku ilipofika nilienda nao, kwa kuwa nguo kama zile haziachwi ziende zenyewe. Walibadilishia nguo kwenye chumba cha kanisa lililo karibu na boma la wakwe. Wanawake walipotoka mle wamevaa, mwanamume aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka akaishika tu usukani. Mimi nilitembea nyuma na mfuko wangu wa pini na makasi, na sioni aibu kusema nilikuwa nimevimba kwa fahari. Mama yule alitangulia na watu wake wakimfuata, rangi ya chungwa mbele na nyuma, na kweli ungeapa wote wametoka nyumba moja.

Wageni hawaingii tu. Husimama nje ya lango wakaimba, na wanawake wa boma wakajibu kutoka ndani kwa wimbo wao, mpaka nyimbo zikutane na lango lifunguliwe. Tukaimba. Ndani wakajibu kwa vigelegele. Lango likafunguliwa, na wenyeji wakatoka wakicheza wamevaa kitenge chetu.

Si kinachofanana nacho. Ndicho chenyewe, chungwa lilelile, mapepeo yaleyale ya buluu. Wao pia walikuwa wamepitia Lwakhakha, na bila shaka kwenye meza ileile.

Nyimbo zote mbili zilikufa. Mtu mmoja akacheka, wote wakacheka, kisha kicheko kikaisha vibaya. Wenyeji walikuwa wengi: shangazi, nyanya, binamu, majirani wa kulia na wa kushoto. Walikuja kutukumbatia kama ilivyo desturi, na katika kule kukumbatiana wageni wakapotea. Muuza maziwa wetu, mgeni wa heshima siku ile, alishikwa bega na mama mmoja aliyekuwa na haraka. "Wewe, si ulete maji ya kunawa! Umesimama tu!" Na yeye, kwa mshangao, akaenda kutafuta maji.

Kutoka hemani, walikokaa wazee, sauti ikauliza bila ubaya wowote, "Sasa wageni ni gani? Si tuliambiwa wanakuja wengi?"

Mama yule alikuwa amebaki kando ya nguzo ya lango. Mkoba ameushika kwa mikono yote miwili, macho yanatafuta watu wake mmoja mmoja. Alikuwa amefika kwa wakwe peke yake, ndivyo ilivyoonekana, na ndicho kitu alichokuwa amekiogopa tangu mwanzo.

Na mimi? Mimi nilikuwa naangalia pindo za wenyeji. Zilikuwa zikiyumba. Nikajua mara moja ni mkono wa nani, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kitambaa kimoja, mafundi wawili, ubavu kwa ubavu, mchana kweupe. Mwenye macho ataona. Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza wakati mteja wangu amesimama pale langoni.

Mwenzangu akatokea upande wa jikoni, tepu shingoni, mikono ina unga.

"Kumbe ni wewe!" akasema, akicheka. "Si ungeangalia status yangu, bana? Nimeweka hii kitenge wiki mzima."

Hakungoja nijibu. Alinipita. Alimwendea mteja wangu, mteja wangu mimi, akajifuta unga, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mulembe, mama," akamsalimu kwa lugha ya huko. "Leo ulitaka ionekane aje?"

Na mama, ambaye hakuwa amemjua dakika moja iliyopita, akamwambia kila kitu. "Nilitaka waone niko na watu," akasema. Niliona wivu hata kwa hilo, jinsi maneno yalivyomtoka upesi kwa mtu asiyemjua.

Mwenzangu akageuka akawaendea wateja wake mwenyewe. Katika boma linalopika, leso za kujifunga hazikosi. Kila mwanamke anayekuja kusaidia hubeba yake. Akawaambia wazifunge juu ya sare, moja kiunoni, nyingine mabegani. Wakamkodolea macho. Shangazi wa bibi harusi, senge wanavyomwita huko, mwanamke mkubwa aliyesimama kama aliyepewa boma lote alilinde, aliweka mkono kiunoni.

"Ati nini? Mimi nifunge reso juu ya nguo mpya? Kwani hapa ni matanga?"

"Senge, wewe hapa kila mtu anakujua," mwenzangu akamwambia. "Hao hakuna mtu anawajua. Ona huyo mama pale kwa lango."

Senge akatazama. Mama alikuwa bado na mkoba wake mikononi. Senge akafyonya, akatazama mapepeo ya buluu kifuani pake kwa majonzi ya wazi kabisa, kisha akainua mikono juu ili afungwe. Mwenzangu alipiga magoti kwenye vumbi akamfunga leso kwa mikono yake, akafunika kiuno alichokishona, akafunika mabega, akafunika kola. Wengine walipoona senge amekubali, wakafuata. Haukupita muda boma likajaa leso za kila rangi, nyekundu, kijani, nyeusi na nyeupe, na katikati yake kitenge cha chungwa kikabaki kwa watu wetu peke yao. Muuza maziwa aliweka chini ndoo ya maji akarudi mahali pake.

"Aaa! Kumbe wageni ni hawa," mzee akasema hemani. "Wamejaa kweli!"

Mama akaingia akiwa mbele yao. Ule mkoba sasa aliutundika begani.

Ningependa kusema nililia kwa furaha. Nilikuwa na hasira. Mwenzangu alikuwa ameifunika kazi yake yote siku ambayo kila simu pale ilikuwa imeinuliwa kupiga picha, na hakuonyesha hata uso wa mtu anayepoteza kitu. Aliniachia uwanja. Picha zote za siku ile ni za mikono yangu ya kipepeo, zake hazimo. Angepigana nami ningemshinda, nina hakika. Lakini utamshindaje mtu ambaye hakuja kushindana? Na mfuko wangu ulikuwa na pini, makasi, uzi wa rangi zote, na nilisimama pale nikiangalia pindo. Hata katika kujinyima alinitangulia.

Hayakuishia hapo. Tulipokaa hemani, mazungumzo ya ng'ombe yakaanza, na mazungumzo ya ng'ombe hayana haraka. Wanawake wangu waliketi wamenyooka kama walioamriwa. Kisha wakaanza kuinuka mmoja mmoja kwenda choo. Nikagundua kwamba wanarudi wakiwa na nyuso nyepesi kuliko haja ndogo inavyoweza kueleza. Dada yake mama alipoinuka, nikamfuata.

Nyuma ya jiko, mwenzangu alikuwa kwenye kigoda, sindano mkononi, anaufumua mshono wa ubavu wa nguo yangu na kuingiza kipande. Alikuwa amekuja na mabaki ya kitenge chake, na kwa kuwa kitenge kilikuwa kimoja, kiraka hakikuonekana.

"Dada, nishikie hapa," akasema bila kushtuka.

Nikashika.

"Uliwapima wakisimama?"

"Kila fundi hupima mtu akisimama."

"Mimi humwambia akae kwanza," akasema, akikata uzi kwa meno. "Hizi siku zetu mtu hukaa. Kanisa, anakaa. Matanga, anakaa. Hii nayo ndio usiseme."

Hakusema kwa kunicheka. Ningefurahi kama angenicheka, ningekuwa na kitu cha kumchukia. Nilikumbuka zile picha zake, benchi na mandazi, na mimi nikizikuza kutafuta pindo. Mshono aliouweka kwenye nguo yangu ulikuwa umepinda, niliuona vizuri kwa kuwa niliushika. Dada yake mama alishusha pumzi ndefu, akajaribu kukaa kwenye gogo, akakaa.

"Asante, fundi," akasema. Hakuwa ananitazama mimi.

Nilipofika nyumbani nilifuta namba ya mwenzangu kwenye simu. Ni jambo la kitoto, najua, na lilinipa raha mpaka asubuhi.

Mahindi yalipokomaa, mama wa Kwanza alikuja dukani na mfuko wa mahindi mabichi. Nilimwona kutoka dirishani na nikawahi kutandika mezani satini nyeupe niliyokuwa nimeichagua kwa ajili ya gauni la bibi harusi. Nilikuwa nimeshaichora mikono yake kwa chaki. Alikaa kwenye kiti kilekile. Alinionyesha picha za Sirisia, moja baada ya nyingine, na mimi nilizitazama kana kwamba sikuwa nimezitazama nyumbani.

"Nguo zako zilikuwa safi, fundi. Hata sasa watu wananiuliza. Wakwe wenyewe wanasema, huyu mama ako na watu."

"Asante, mama."

Akapapasa satini kidogo pembeni, kwa heshima, kisha akaondoa mkono.

"Fundi, uko na namba ya yule wa leso?"

Nilijua anachouliza. Harusi ilikuwa inatoka dukani kwangu kwa miguu yake. Ningesema sina, na isingekuwa uongo, simu yangu ilikuwa shahidi. Nikamtazama. Safari hii mkoba wake ulikuwa chini sakafuni, karibu na mahindi, na alikuwa ameegemea kiti amestarehe. Nikamwona tena kando ya nguzo ya lango.

Namba ile naijua kwa moyo. Nimeijua miaka yote. Nikamtajia tarakimu moja moja, naye akaandika polepole, akanirudisha nyuma mara kadhaa, mpaka ikakamilika.

"Kumbe mnajuana?" akauliza.

"Tulijifunza pamoja, mama. Kibaraza kimoja, hapo Bungoma."

Uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyenipenda siku zote na sasa amepata sababu ya kunipenda zaidi. Akanipiga kofi dogo la gotini.

"Aaa! Basi ni yeye alikufundisha! Nilijua tu. Hata mkono wenu unafanana."

Mkono! Mkono wangu na zile pindo! Nilifungua mdomo nikiwa na miaka yote ya kibarazani tayari kwenye ulimi. Mbele yangu mteja alikuwa akitabasamu, akingoja, simu yake mkononi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni yeye."

Kisha nikamsindikiza mpaka mlangoni.